Ukuta wa Silinda

Mpangaji wa Riruta Satellite anayenunua tokeni za umeme hulipia mambo mengi kwa mkupuo mmoja, na mojawapo ni gharama ya mafuta. Kifungu hicho kimo katika bili ya kila mteja wa Kenya Power, awe na kiwanda Athi River au chumba kimoja Kawangware, na kazi yake ni kurudisha pesa za mafuta yaliyochomwa katika vituo vya umeme vya dizeli. Watu hukilalamikia, na wana haki, ila ni wachache wanaouliza ni mafuta gani hasa. Si dizeli ile inayouzwa kwenye vituo vya Dagoretti Corner. Kwa sehemu kubwa ni mafuta mazito, meusi, yenye salfa: masalia ya mtambo wa kusafishia baada ya petroli, mafuta ya taa na dizeli kutolewa, mazito kiasi kwamba bila kupashwa moto hayapiti vizuri kwenye bomba. Meli zinazoleta Mombasa ngano, mchele, mafuta ya kupikia na marobota ya mitumba yanayoishia soko la Toi zilichoma masalia hayo hayo kwa miongo mingi. Namna injini ya dizeli, mashine ya vipimo vya sehemu ndogo za milimita, ilivyofikia kula uchafu huo bila kufa husimuliwa kwa kawaida kama habari ya ukubwa: injini zikarefushwa, zikapanuliwa, zikaongezwa nguvu. Ninashikilia kwamba ukubwa ni sehemu ndogo ya habari yenyewe. Lililoamua mambo lilitokea kwenye ukuta wa silinda, katika utando wa oili mwembamba kuliko unywele, na katika saa za kwanza za injini mpya, kabla ukuta huo na ringi za pistoni havijazoeana.

Injini ya Rudolf Diesel ilipopimwa Augsburg mwaka 1897, iligeuza kuwa kazi kiasi cha robo ya nishati iliyokuwamo ndani ya mafuta yake, na injini nyingi za mvuke za siku zile hazikufika nusu ya hapo. Wenye meli hawakuhitaji kuelezwa mara mbili. Mwaka 1910 meli ya mafuta Vulcanus ilianza kwenda kwa dizeli, na Februari 1912 meli ya Denmark, Selandia, iliyojengwa na Burmeister & Wain wa Copenhagen, iliondoka kwenda Bangkok ikiwa na injini mbili za silinda nane, kila moja nguvu farasi 1,250. Haikuwa na dohani kubwa kama meli za mvuke, na watu bandarini waliishangaa kwa hilo. Ila mafuta iliyochoma yalikuwa mepesi na safi kwa kulinganisha, na oili ya silinda zake ilikuwa oili ya kawaida ya madini, isiyochanganywa na kitu: sanduku la pampu ndogo ndogo ubavuni mwa injini lilisukuma matone kupitia matundu ya ukutani, basi. Afrika Mashariki iliendelea na mvuke muda mrefu. William Mackinnon iliyozinduliwa Kisumu mwaka 1900 ilikuwa ya mvuke, na ni mwaka 1961 ndipo Victoria, meli ya dizeli iliyojengwa Glasgow na Yarrow, ilipoanza kazi ziwani. Vipande vyake vilishushwa Mombasa, vikapandishwa kwa reli hii inayokatiza Kibera, vikaunganishwa upya Kisumu. Injini za ziwani zilichoma dizeli safi. Kwa hiyo ziwa halina sehemu kubwa katika kisa hiki. Kisa ni cha bahari, na baadaye cha vituo vya umeme vya Kipevu, Mombasa.

Ili kuuona ugumu wenyewe, inabidi kuingia ndani ya silinda. Injini kubwa ya meli ni ya mipigo miwili, na tofauti na injini ya matatu, pistoni yake haikufungwa moja kwa moja kwenye fimbo inayozungusha krankshafti. Kati yake kuna fimbo iliyonyooka, ikipita kwenye kizuizi kinachotenga chumba cha juu chenye moto na chumba cha chini chenye krankshafti. Faida ni kwamba uchafu wa juu hauichafui oili ya chini. Hasara ni kwamba oili ya chini haifiki juu kabisa, wakati katika gari krankshafti yenyewe huirushia silinda oili bure. Hapa kila tone linalolainisha silinda lazima lipimwe, lipelekwe, litandazwe na ringi, kisha liungue au lidondoke chini ya silinda kama tope. Halirudi. Ni oili ya kutumika mara moja, na tangu mwanzo mhandisi wa meli amekaa kati ya hofu mbili: akibana matone, chuma kitakwaruza chuma, akimwaga, anachoma pesa za mwenye meli kupitia dohani. Mafuta yenye salfa yaliongeza hofu ya tatu. Salfa ikiungua hutoa gesi ambayo, ikikutana na mvuke wa maji uliozaliwa na moto huo huo, huwa asidi ya salfa. Mahali penye joto kali asidi hiyo hubaki hewani. Inapogusa ukuta uliopoa kidogo kupita kiwango fulani, hutua kama umande, ikaanza kukila chuma.

Ndiyo maana kwa zaidi ya miaka thelathini baada ya Selandia mafuta mazito yaliachiwa matanuri ya meli za mvuke, ambako hapana pistoni wala ringi za kuliwa. Aliyevunja desturi hiyo kwa ushahidi alikuwa John Lamb, mhandisi wa kampuni ya Anglo-Saxon Petroleum iliyokuwa chini ya Shell. Mwaka 1946 meli yao ya mafuta, Auricula, ilipewa mafuta ya matanuri badala ya dizeli, ikasafiri nayo, na mwaka 1948 Lamb akawaeleza wahandisi wenzake wa London alichokiona. Hapo pana pingamizi zito dhidi ya hoja yangu, tena la kihistoria. Auricula ilifaulu kabla oili yenye alkali haijaingia sokoni. Kama meli ilichoma mafuta mazito kwa oili ya kawaida, mtu anaweza kusema, basi kemia ya oili haikuwa ufunguo wa chochote. Jibu limo katika namna Lamb alivyofaulu. Aliyapasha mafuta moto, akayapitisha kwenye mashine mbili za kuchuja kwa mzunguko, moja ya kutoa maji na nyingine ya kutoa vumbi gumu, na injini ikaangaliwa kwa jicho la karibu kuliko injini yoyote ya biashara ya kila siku. Alithibitisha kwamba mafuta mazito yanaweza kuungua ndani ya dizeli, na hilo si dogo. Hakuthibitisha kwamba kila meli ya biashara, yenye wahandisi wachache na mafuta ya bandari yoyote, ingeweza kuyachoma mwaka baada ya mwaka.

Miaka iliyofuata ilionyesha kwa nini. Mwaka 1952 meli Dorthe Mærsk ilisafiri ikiwa na injini ya mipigo miwili ya Burmeister & Wain iliyofungwa kipuliza hewa kinachozungushwa na moshi wake wenyewe, na kuanzia hapo nguvu iliyotolewa na kila silinda ikapanda kwa kasi. Shinikizo lilipanda pamoja nayo, na shinikizo likipanda asidi hutua ukutani kwa urahisi zaidi. Wakati huo huo wenye meli waliokuwa wamesikia habari ya Auricula walikimbilia mafuta ya bei rahisi, na ripoti za kuliwa kwa silinda zikawa wimbo wa kila bandari. Hesabu ndogo inatosha kuonyesha uzito wa jambo. Chukua silinda yenye kipenyo cha sentimita 74, kipimo kilichokuwa cha kawaida kwa injini kubwa za miaka hiyo. Ukuta huhesabiwa umekwisha ukishaliwa kiasi cha asilimia 0.7 ya kipenyo, yaani milimita tano na kidogo. Ukiliwa milimita 0.1 kila saa elfu, na meli ikifanya kazi saa 6,000 kwa mwaka, utadumu zaidi ya miaka minane. Ukiliwa milimita 0.5, haufiki miaka miwili. Kubadilisha slivu moja ya ukubwa huo, yaani ukuta mzima, ni kazi ya winchi, siku bandarini na fedha nyingi, na injini moja ina silinda sita, nane au kumi. Akiba yote ya mafuta rahisi ingeishia kwenye karakana.

Kilichogeuza hesabu hiyo ni oili iliyobeba alkali ndani yake. Katikati ya miaka ya 1950 kampuni za mafuta, Shell ikiwa mstari wa mbele, zilianza kuuza oili za silinda zilizotengenezwa kuikabili asidi pale pale inapotua. Za mwanzo zilikuwa mchanganyiko wa oili na maji yenye dawa, na zilisumbua, kwa kuwa zikikaa muda mrefu tangini hujitenga. Baadaye wakemia walipata njia ya kuzining'iniza ndani ya oili punje za kalsiamu ndogo kiasi kwamba haziwezi kuonekana, na oili ikabaki safi kwa macho huku imebeba chokaa ya kutosha. Nguvu yake hupimwa kwa namba ya alkali, na namba 70 ikawa ya kawaida duniani kwa muda mrefu, kwa kuwa iliyatosha mafuta yenye salfa ya asilimia tatu hivi. Tangu hapo kila tone lilikuwa na kazi mbili, kutenganisha chuma na chuma na kuiua asidi, na kipimo cha matone kikaacha kuwa suala la kulainisha tu. Hapo ndipo ninapoweka mpaka wa historia hii. Kabla ya oili hizo, kuchoma mafuta mazito kulikuwa jaribio lililofaulu. Baada yake kukawa biashara.

Wachumi hawataridhika. Watasema lililoshinda ni bei: mafuta mazito yalikuwa rahisi, kisha bei ya mafuta yote ikapaa mwaka 1973, na meli za mvuke zilizochoma mno zikafukuzwa baharini. Bei ilisukuma, sikatai. Hata Queen Elizabeth 2, fahari ya Uingereza, iliondolewa mitambo ya mvuke ikafungwa injini tisa za dizeli mwaka 1986 na 1987. Ila bei hiyo hiyo ilikuwepo kwa mvuke pia. Tanuri la mvuke lilikula mafuta mazito tangu zamani bila kulalamika, na kama urahisi wa mafuta ungekuwa neno la mwisho, mvuke ungebaki. Dizeli ilishinda kwa sababu ilikuwa inatumia mafuta kidogo zaidi na sasa ingeweza kutumia yaleyale mabaya. Sharti la pili ndilo lililotimizwa ukutani mwa silinda. Soko haliwezi kununua kitu ambacho mashine haikiwezi.

Kenya iliingia katika habari hii kwa mlango wa Changamwe. Mtambo wa kusafishia mafuta ulioanza kazi hapo mwaka 1963 ulikuwa wa aina nyepesi: ulichemsha mafuta ghafi na kuyatenga, haukuwa na sehemu ya kuyavunja mazito kuwa mepesi, na kwa hiyo sehemu kubwa ya kila pipa ilitoka kama masalia meusi. Masalia hayo yalihitaji mlaji. Kwa muda mlaji alikuwa matanuri ya mitambo ya mvuke ya Kipevu, pamoja na viwanda vya saruji na meli. Umeme wa nchi, hata hivyo, ulitegemea zaidi mabwawa ya mto Tana, na bwawa halijui mkataba. Ukame wa 1999 na 2000 ulipokausha Masinga, Nairobi iliingia katika mgao wa umeme ambao wenye vinu vya posho, saluni na vyumba vya welding vya Kawangware hawakuusahau. Majibu yalikuwa dizeli. Kituo cha Iberafrica kilikuwa kimeshaanza Nairobi mwaka 1997, kituo cha Kipevu I cha KenGen chenye megawati 75 kikaanza 1999, Tsavo Power ikafuata Kipevu mwaka 2001 na megawati 74 kutoka injini saba za Wärtsilä. Baadaye ikaja Rabai, kisha Kipevu III ya mwaka 2011, megawati 120 kutoka injini nyingine saba za Wärtsilä, kila moja na silinda kumi na nane za kipenyo cha sentimita 46. Thika Power ikaongeza megawati 87 mwaka 2014. Bomba la mafuta linalotoka Mombasa kwenda Nairobi tangu 1978 halibebi mafuta mazito, linabeba mepesi tu. Kwa hiyo mafuta ya Iberafrica na ya Thika yalipanda kutoka pwani kwa malori, na gharama ya malori hayo nayo ikaingia katika kile kifungu cha bili.

Msomaji makini atauliza kama injini za Kipevu ni za meli kweli. Ni ndugu wa meli, wa tumbo jingine. Wärtsilä huuza injini hizo hizo kwa meli za abiria na za mizigo, lakini ni za mipigo minne, hazina kile kizuizi cha kati, na oili yake huzunguka: hulainisha krankshafti na silinda, huchujwa, hurudi. Hakuna tone la kutumika mara moja. Chokaa iliyomo huliwa polepole na asidi inayoteremka kutoka juu, na mafundi wa kituo hupima mara kwa mara ni kiasi gani kimebaki kabla ya kuongeza oili mpya. Kwa hoja yangu tofauti hiyo haiharibu kitu, inaongeza ushahidi. Njia mbili tofauti kabisa za kupeleka oili zimelazimika kufika kwenye kemia ile ile kwa sababu adui ni yule yule. Na kwa wanaotaka kuupima ukubwa wa ndugu wa baharini, meli Emma Mærsk ya mwaka 2006 ina injini kuu moja ya silinda kumi na nne, kipenyo cha sentimita 96, inayotoa kilowati 80,000 hivi. Injini hiyo peke yake inaishinda nguvu iliyokuwa ya Kipevu I nzima, na ile iliyokuwa ya Tsavo nzima. Ikipewa gramu 0.7 za oili kwa kila kilowati kwa saa, itakunywa kilo 56 za oili ya silinda kila saa, tani moja na theluthi kwa siku, na zote zinaishia motoni au kwenye tope.

Sasa saa za kwanza. Karakana za Naivasha Road na za Dagoretti Corner zinajua jambo hili kwa mikono. Injini ya matatu ikishafanyiwa overhaul, ikawekewa ringi na slivu mpya, fundi humwonya dereva asiikanyage kwa kilomita za mwanzo na aimwage oili ya kwanza mapema, kwa kuwa ndani yake mna vumbi la chuma. Ukuta mpya wa silinda si laini. Umechongwa makusudi uwe na mistari ya kupishana ya kushikia oili, na vilele vya mistari hiyo hugusana na ringi kabla utando wa oili haujatosha kuvitenganisha. Kuzoeza injini ni kuviacha vilele hivyo vikatike taratibu, kama mawe mawili ya kusagia yanavyokulana hadi yakae sawa, huku mabonde ya chini yakibaki na oili. Katika meli kazi hii huchukua mamia ya saa. Mzigo hupandishwa kwa hatua, matone huongezwa maradufu au karibu na hapo mwanzoni, kisha hupunguzwa ngazi kwa ngazi kadiri wahandisi wanavyochungulia ringi kupitia matundu ya kuingizia hewa, wakiwa na taa na kioo, wakitafuta weusi mkavu au mikwaruzo ya wima. Ringi nzuri hung'aa kwa unyevu. Ringi iliyokwaruzwa huonyesha mistari kama ya kucha, na ikionekana hivyo mara nyingi silinda imeshapata hasara.

Madereva wa magari mapya watasema hayo yamepitwa na wakati, kwa kuwa kiwanda huikabidhi gari ikiwa tayari kwenda. Kwa gari dogo ni kweli kiasi: viwanda vimejifunza kuuchonga ukuta hadi sehemu kubwa ya mazoezi ikamalizwa kwenye mashine, na ringi hupakwa tabaka la kuwahi kulika. Kwa slivu yenye upana wa karibu mita moja, inayofungwa meli ikiwa bandarini na inayotakiwa kuvuta mzigo siku chache baadaye, hakuna kiwanda kinachoweza kumaliza kazi hiyo kabla. Kuna jambo zaidi ambalo wahandisi walilijua kwa uzoefu kabla ya kulieleza. Zamani injini kubwa zilizoezwa kwa oili ya kawaida isiyo na chokaa nyingi, na sababu inashangaza: asidi kidogo ilikuwa msaada. Ilikula uso wa chuma kwa kipimo, ikafungua matundu madogo ya kushikia oili, ikazuia uso usisuguliwe hadi ukawa kioo. Ukuta uliong'aa kama kioo haushiki oili, na ringi zikipita juu yake zikiwa kavu, joto huruka ghafla na chuma huanza kushikana na chuma. Ukuta usioliwa hata kidogo hufa kwa njia nyingine.

Hapo ndipo matone mengi yanapogeuka kuwa sumu. Chokaa isiyopata asidi ya kuiua haiondoki tu. Huungua na kuganda juu ya pistoni, juu ya ringi ya kwanza, kama ukoko mgumu, na ukoko huo husugua ukuta kila mpigo hadi mistari ya kushikia oili ikafutika. Kwa muda mrefu wahandisi waliohofia wenye meli walizidisha matone kwa kujilinda, na baadhi yao walikuwa wakiharibu kile walichodhani wanakilinda. Ndiyo sababu, kwa maoni yangu, hatua kubwa zaidi baada ya oili ya alkali haikuwa injini kubwa zaidi, ilikuwa pampu ya kipimo. Karibu na mwaka 2000 kampuni ya injini ya MAN B&W ilileta kilainishi kinachoendeshwa na kompyuta, kinachopiga oili kwa wakati kamili pistoni inapopita, na kinachoweza kuongeza au kupunguza matone kulingana na mzigo na salfa iliyo ndani ya mafuta ya siku hiyo. Matone yalipungua na kulika kwa silinda kukapungua nako, jambo ambalo lisingewezekana kama oili ingekuwa suala la wingi.

Kuna uchafu mwingine ambao chokaa haiuwezi. Mitambo ya kisasa ya kusafishia hutumia punje za aluminiamu na silika kuyavunja mafuta mazito, na baadhi ya punje hizo hubaki ndani ya masalia. Ni ngumu kuliko chuma cha silinda. Kipimo cha kimataifa huruhusu miligramu 60 kwa kila kilo ya mafuta, na meli hulazimika kuzichuja hadi chini ya 15 kabla ya kuingia kwenye injini. Zikipenya hujikita kwenye ringi na kuufanya kila mpigo kuwa msasa. Mtambo wa Changamwe, kwa uzee wake, haukuwa na sehemu ya kuvunja mafuta, kwa hiyo masalia yake hayakuwa na punje hizo. Uliacha kusafisha mwaka 2013, na vituo vya dizeli vikabaki na mafuta ya kuagizwa, yaliyopitia mitambo ya kila aina. Maendeleo ya kiwanda cha mbali yaliongeza kazi kwenye mashine za kuchuja za Kipevu. Wanahistoria wa nishati hapa kwetu hawajaligusa sana jambo hilo, nami nadhani linastahili.

Pingamizi la mwisho ni la maadili, na ndilo lenye nguvu kuliko yote. Kama oili ya alkali ndiyo iliyowezesha mafuta machafu kuchomwa, je, haikutuletea moshi wa Changamwe na wa baharini kwa zaidi ya nusu karne? Ilituletea. Asidi iliyouawa ndani ya silinda ni sehemu ndogo ya salfa; iliyobaki ilipita kwenye dohani, na watu wanaoishi chini ya upepo wa bandari waliivuta bila kupewa bili. Kutambua kilichofanya kazi si kukisifu. Lakini hata dawa ya moshi huo imeishia kuthibitisha hoja yangu. Baada ya mtikisiko wa biashara wa 2008, meli zilianza kwenda polepole ili kuokoa mafuta, kuta za silinda zikapoa kuliko zilivyokusudiwa, asidi ikatua kwa wingi, na kampuni zikalazimika kutoa oili za namba 100. Kisha Januari 1, 2020 sheria ya shirika la kimataifa la bahari ikashusha salfa katika mafuta ya meli kutoka asilimia 3.5 hadi 0.5. Waliodhani tatizo limekwisha walishangaa: salfa ilipoondoka, chokaa ikakosa kazi, ukoko ukarudi juu ya pistoni, na baadhi ya meli zikapata mikwaruzo katika silinda zilizokuwa zimetulia kwa miaka. Watengenezaji wamejibu kwa ringi zilizopakwa mchanganyiko wa chuma na kauri, na kwa oili za namba 40 zinazosafisha kuliko za zamani bila kutegemea wingi wa chokaa. Meli nyingine hubeba oili za namba mbili tofauti na kuzibadilisha kulingana na mafuta na hali ya ringi. Meli Laura Mærsk, iliyopewa jina Copenhagen mwaka 2023, huchoma methanoli, ambayo haina salfa kabisa, na wahandisi wake bado wanapaswa kupima matone ya oili kwa kila silinda na kuchungulia ringi kwa taa.